Skrubu ya Injini ya Pili

Jumatatu, 25 Novemba 1968

Kiu, na juu ya kiu Hamoud! Karudi kutoka Ujerumani na rula yake, sasa anatufundisha sisi mafundi wa stesheni ya umeme jinsi ya kusikiliza injini. Mimi niliyezisikiliza tangu enzi za Mwingereza! Kila magharibi mzinga wa kufuturu ukilia, mji mzima unawasha taa kwa mpigo. Injini inashtuka, taa zinafifia, zinawaka kupita kiasi, zinafifia tena. Yeye anafurahi. Mtihani mzuri huo, anasema. Anachora mstari: kushuka, kupanda, kupitiliza, kutulia. Akijua kasi ya sasa na mafuta yanayoingia sasa, eti anaweza kubashiri yajayo. Ya nyuma hayamhusu. Nilicheka mpaka nikapaliwa. Mjukuu wa mwenye mashamba Kidichi, yale tuliyoyachukua kwenye Mapinduzi, ya nyuma hayamhusu!

Alhamisi, 28 Novemba

Kwenye injini ya pili Hamoud kalegeza skrubu ya gavana, kile kidude kinachoipimia injini mafuta. Jioni taa zimefifia taratibu, zikarudi taratibu, bila kuyumba. Kazi safi. Inaniudhi.

Bwana Sheha, mwenyekiti wa kamati yetu ya chama, kaja juu. Anataka taa zirudi papo hapo, Jumamosi ana wageni wa kufuturu. Hamoud kamjibu kwa adabu: ukiiharakisha itayumba. Kumkatalia Sheha mbele ya watu!

Jumamosi, 30 Novemba

Sheha kanivuta pembeni. "Msabah, wewe mwenzetu. Kaza."

Hamoud alipokwenda kusali alasiri, nikakaza. Nikaongeza na yangu, roho ipoe. Mzinga ulipolia — ngoma! Taa juu, chini, juu zaidi. Globu za Sheha zimepasukia sahani ya tambi, wageni wametoka mbio viatu mkononi. Nimecheka peke yangu nyuma ya injini.

Jumapili, 1 Desemba

Wamemchukua Hamoud. Hujuma, wanasema. Sheha kaniuliza mbele ya askari nani aliyeishika gavana. Nikasema Hamoud, Alhamisi. Si uongo! Sheha akatazama dari. Tumefuturu pamoja.

Jumatatu, 2 Desemba

Bi Badriya, mama yake Hamoud, kaja getini na bakuli la uji.

"Shikamoo, Bi Badriya."

"Marahaba, mwanangu. Nifikishie kwa Hamoud, nnakuomba."

Nikamwambia ntampelekea. Magharibi nimeunywa mwenyewe. Mtamu, umekolea pilipili manga.

Jumatano, 4 Desemba

Nimekaza, nimelegeza, nimekaza. Kila nikiigusa inazidi wazimu. Mji unanung'unika. Sheha kaamua: mleteni aitengeneze, kisha arudi ndani.

Wamemleta. Naandika hapa hapa, kwenye kigoda changu. Shati lile lile, mdomo umevimba. Kaitazama skrubu, kanitazama mimi. Anajua. Kaigeuza kidogo tu, kakaa sakafuni.

"Sasa asiiguse mtu. Tungoje itulie."

Mzinga umelia. Taa zimeshuka, zimepanda. Askari anauliza, bado? Bado, anasema Hamoud.

Mshale wa mita umetulia kitambo. Mimi nauona, yeye anauona. Askari hajui kuisoma. Bado? Bado. Askari kampa tende moja, Hamoud anaila polepole, kaegemeza kichwa ukutani.

Sasa askari kanigeukia mimi. "Fundi, ishatulia au haijatulia?"

Hamoud kaacha kutafuna.

Kaniuliza tena. Naandika tu, nisiinue kichwa.