Wino wa Marobota

Igogo, Mwanza

Dada yangu Leokadia,

Shikamoo dada. Kabla hujaendelea, iangalie kwanza bahasha. Niliibandika kwa gundi ya posta, kisha nikaongeza uji wa muhogo juu yake. Ukikuta umebanduka, ujue kuna mtu amesoma kabla yako. Mimi mzima, ila vumbi la pamba linanisumbua kifua. Mama je, mguu wake umepona? Na migomba ilisimama baada ya ule upepo?

Sasa nikuulize bila kuzunguka. Nilikaa wiki nyingi nikijiuliza ni nani kwetu aliyetoa habari kwamba nilifungwa kwa ajili ya pombe ya gongo, na dada, hata wewe nilikudhania. Huku hakuna niliyemwambia. Wakijua kiwandani, kazi yangu ya kufagia pamba imekwisha, na mama mwenye nyumba atanitolea vyombo nje siku hiyohiyo. Lakini tangu uchaguzi utangazwe, Mzee Magesa, balozi wetu wa nyumba kumi, hakuniacha nipumue. Kila akipita mlangoni: Paskazia, umejiandikisha? Kwa nini mimi, wakati jirani yangu wa chumba cha pili hata mikutanoni haendi na haulizwi? Nikajua kuna jambo. Watu husema aliyepitia jela hapigi kura tena. Kama ni kweli sijui, maana kuuliza ndiko kujitaja. Nikamdanganya kwamba nilishajiandikisha.

Siku ya kura wanawake wa uani walivaa khanga zao nzuri wakaenda shuleni, wakarudi na wino vidoleni, wakibishana nani kati ya wagombea wawili atashinda, mwenye alama ya jembe au mwenye alama ya nyumba. Mimi nilitoka kabla yao nikajibanza kwenye mawe ya ziwani. Nilikuwa na kitambaa nilichokichovya kiwandani kwenye kopo la wino wa kupigia chapa marobota ya pamba. Nilifikiri wino ni wino tu. Nikajipaka kidole, nikalia. Nilitaka kweli kumchagua yule wa jembe, aliyeahidi kutuletea bomba. Niliporudi, wenzangu wakanipigia vigelegele, nami nikacheka nao.

Jioni Mzee Magesa akaja. Nikamwekea kigoda, na mkono nikauacha wazi makusudi. Akautazama weee. Sikukwambia dada, huyu ndiye anayepiga chapa marobota kiwandani.

"Binti, wino wa shuleni ni wa zambarau," akasema polepole. "Huo ni wangu."

Nikamwambia kama anataka kunipeleka polisi, anipeleke, sina pa kukimbilia. Mkono wake wa kushoto ulikuwa mfukoni tangu aingie. Akautoa. Kidole kilikuwa cheusi tii, kama changu. Akasema alipokuwa kijana huko kwao Mara alifungwa kwa ng'ombe wa watu, na yeye pia hajathubutu kumuuliza mtu kama anaruhusiwa.

Nikamuuliza nani alimwambia habari zangu.

"Hakuna," akasema. "Filimbi ya zamu ikilia, unasimama wima, mikono nyuma. Mimi nilikaa miaka mpaka nikaiacha hiyo tabia ya jela."

Basi nisamehe kwa kukudhania, dada. Hata hivyo sijamwamini. Labda alijipaka ili aninase, nimtajie na wengine waliofungwa. Kikulacho ki nguoni mwako. Tukikutana kiwandani kila mmoja anamchungulia mwenzake kwanza mkononi. Nimesugua kwa majivu, nimesugua kwa jiwe. Wino wa waliopiga kura umeshatoka wote. Wetu bado.

Msalimie shemeji na watoto, na katekista aliyekuja kunipokea langoni siku ile nilipotoka, ila barua hii usimsomee. Ukinijibu, usiandike jela, andika hospitali. Na mama akiuliza kama mwanawe naye alipiga kura, mwambie kidole kina wino.

Ni mimi mdogo wako,
Paskazia