Mbenga wa Kivukoni

Jumamosi, 6 Rajabu
Mpunga umetwangwa. Lualaba imeshuka, mawe yako nje. Tunaoshea vyombo palepale kivukoni. Mbenga wanaruka chini ya maporomoko, wanafukuza samaki wadogo. Mmoja akisimamishwa atanifika kifuani. Hata akifumba mdomo, meno yanaonekana. Simpendi.

Jumatatu, 8 Rajabu
Zaituni, mke mwenzangu, alikuwa anaosha matumbo ya mbuzi. Maji yakapasuka. Alipoinua mkono, vidole vitatu havipo. Nilimfunga kwa kilemba cha mume wetu. Yeye hakulia. Nililia mimi.

Jumanne, 9 Rajabu
Zaituni ana homa kali. Mume wetu yuko Ujiji na msafara wa pembe, kwa hiyo mwenye sauti nyumbani ni mdogo wake. Shemeji anasema samaki hamuumi mtu asipotumwa. Anamtazama Asina, mke mdogo. Asina ni binti wa Wagenya, watu wa mto.

Jumatano, 10 Rajabu
Wamemfungia Asina ghalani. Kesho watamnywesha mwavi, sumu ya kiapo. Akifa, basi alikuwa mchawi. Nimemsihi shemeji angoje mume wetu arudi. Amekataa.

Alhamisi, 11 Rajabu
Asubuhi niliwaita watu kivukoni, shemeji mbele. Nilifunga matumbo ya mbuzi kwenye mwanzi, nikayatia majini. Hakikuja kitu. Shemeji akacheka. Nikamwaga damu ya kuku, nikatia tena.

Mbenga alikuja kutoka kwenye maji ya kasi, tumbo jeupe, mdomo wazi. Mwanzi ukakatika mkononi mwangu. Watu wakakimbia.

"Munaona?" nikasema. "Inafuata damu. Inakula nyama yoyote."

"Labda Asina anaituma toka mule ghalani," shemeji akajibu.

Nilimchukia.

Ndipo nikamwona Zaituni. Alikuwa ametoka kitandani, anakuja akishika kuta za nyumba.

"Shemeji, mukono ulioliwa ni wa nani?"

"Ni wako, dada."

"Basi mwenye kushitaki ni mimi. Mimi sishitaki mutu. Fungueni mulango."

Shemeji alitazama chini. Walifungua.

Jumamosi, 13 Rajabu
Homa imeshuka. Sasa tunachota maji kijitoni, ni mbali. Zaituni hawezi kujisuka tena. Asina amekaa nyuma yake, anamsuka. Mstari mmoja umepinda. Zaituni amemwambia auache hivyohivyo.