Kilio ya Shemeki Yako mu Redio

Kasongo, mudogo wangu,

Uko na miguu ao hapana? Tangu tulizika bwana yangu, mvua imekuja imekwisha, na wewe unatuma salamu tu kwa bantu ba treni. Salamu haikalake ku kiti, hainywake chai. Muke yako eko muzima? Na magoti yako? Mimi niko. Damu inapanda, inashuka, lakini sahani yangu ya bukari ninakula ninamaliza.

Mwenye kuandika ni Clémence, mujikulu wangu mwenye kuniita kambo. Unajua mimi sikuingia masomo. Pahali anakataa kuandika, ninapiga ku meza mpaka anaandika.

Uliniuliza siku moja: huyu mutoto ni avoka ya nini, mbona hatumuone akitetea bantu ba kuiba mbele ya juji? Hata mimi sikuelewa. Akaniambia, «Kambo, muntu akiiba mbuzi, haiko kazi yangu. Muntu akikamata sura yako, wimbo yako, maneno yako, akaitia mu redio ao mu telefone bila wewe kukubali, pale njo unaniita.» Nikamucheka. Nikasema utakufa na njala, nani ataiba sura ya muntu? Lakini alipata kazi mu kabine kubwa ya ba avoka kule mu mji, meza yake, kiti ya kuzunguuka, na bantu ba pale kwetu Katuba bakaanza kumuita Maître, sawa vile banaita ba avoka, hata wakati anabeba ndoo ya maji.

Sasa sikia. Ku kilio ya shemeki yako nililia ile wimbo ya mama, ile alilia siku ya kuzika baba, ya kuita bakubwa betu kila mumoja na jina. Kijana moja ya koro, bale ba kuimba ku kanisa, akakamata telefone, akasema, «Mama, nikamate sauti na sura, tutumie ndugu yako wa Kongolo?» Nikasema ndiyo. Unajua ni namna gani siku hizi: mwenye hakufika ku kilio, banamutumia kilio. Nilikubali juu yako, Kasongo. Ungekuwa umefika, hakuna mwenye angetoa telefone.

Kisha miezi, niko ku soko, redio ya fundi wa viatu inasema. Ninasikia sauti yangu. Ninaita jina ya baba. Alafu mwanaume anacheka, anasema, «Usilie tena! Ongea mingi, lipa kidogo!» Ilikuwa tangazo ya kampuni ya telefone. Mama mwenye kuuzisha majani ya sombe pembeni yangu akapiga makofi: «Eh, mama Ngoie! Kumbe bwana akikufa, wewe unauzisha ma-unité ya telefone?» Bote bakacheka. Nilifunga bintu yangu, nikarudi nyumbani. Nililala nimefunika kichwa na kikwembe.

Clémence alipojua, alienda kumuona mukubwa wa kabine. Kumbe ile kampuni njo client yao munene, mwenye kubalipa kupita bote. Yule muzee akamuambia, bila kelele, «Maître, hii mambo unaiacha, ao unaacha meza yako.»

Mimi nilimuambia akae. Mbele ya Mungu, nilimuambia: mutoto, mimi ni muzee, bakishachoka kucheka bataacha. Wewe uko na maisha mbele. Akanijibu, «Kambo, bananilipa juu ya kusema sauti ya muntu iko ya mwenyewe. Sasa niseme ni ya mwenyewe kwa bantu bote, isipokuwa kambo yangu?» Nikakasirika. Nilikataa kula pamoja naye mpaka Misa ya siku ya Mungu.

Akaacha kabine. Na sikia vile hawa bantu ba sheria bako: kisha kuacha yote, hawezi hata kusimama kunitetea. Banasema ule alikuwa client yake jana hawezi kuwa adui yake leo. Dosye ya kushitaki ile kampuni iko na rafiki yake wa masomo, binti moja mwembamba mwenye kusema mbio. Nikamuuliza Clémence, «Basi umeachia nini?» Akasema, «Juu nisikae upande wao.» Sikumugombeza tena.

Sasa meza yake iko hapa, mu salo yetu ya kupokea bageni, karibu na picha ya Mama Maria. Kumefika mwimbaji moja mwenye banaiba nyimbo zake, na mupiga picha wa harusi. Haiko mingi. Asubui anavaa nguo ya kazi sawa vile anaenda mu mji, anatembea kutoka ku chumba mpaka ku salo, anakaa. Ninamuletea chai, ninamuita Maître. Hapa ameacha kuandika. Andika.

Kampuni inasema mimi nilikubali, kijana aliuliza na nikajibu ndiyo, bantu bengi balisikia. Ni kweli nilisema ndiyo. Lakini yule kijana, mwenye alibapatia sauti yangu, alikimbilia Kipushi, haonekane. Binti mwembamba anasema kumebaki muntu mumoja mwenye anaweza kuonyesha ile ndiyo ilikuwa juu ya nani: mwenye alitumiwa. Ni wewe. Mu ile sura uliyopokea, mbele ya kuanza kulia, ninakuita: «Kasongo, sikia namna tunamulilia shemeki yako.» Ku redio balikata pale. Tukishindwa, mutoto amepoteza kazi bure, juu ya hewa.

Salimia muke yako, salimia katekista mwenye alizika mama, na ule shangazi kipofu mwenye kutengeneza mafuta ya mawese. Umuambie chupa yake ilifika nzima.

Panda treni mbele mvua haijaanza. Usitume ile sura kwa muntu, usipanguse kitu, lete telefone yenyewe mu mufuko ya ndani ya koti. Ukifika, usipite kwanza kwa rafiki zako ba bia. Kuja nyumbani moja kwa moja. Na siku juji ataita jina yako, usitikise kichwa sawa vile unafanyaka. Simama, sema kwa nguvu.

Yaya yako mukubwa,
Ngoie