Letusi za Yavor Zimekuwa Nyekundu

Stani, acha unachofanya. Nimejimaliza mwenyewe.

Unajua Yavor na Ralitsa wanavyobanana kila jioni kwenye rafu ya letusi ya Yavor kule shuleni, zile tunazokuza majini bila udongo, wakichungulia mizizi na kuchekeana. Roho iliniuma. Wiki iliyopita nikamzimia Yavor taa nyekundu za kukuzia mimea, nikamwachia za bluu peke yake. Kwenye bluu letusi hubaki fupi, nami nilitaka zidumae kabla ya sikukuu ya Mtakatifu Georgi. Yavor akadhani mwalimu ndiye aliyezibadilisha, akaziacha hivyo hivyo.

Leo Mwalimu Nedyalka kaja kuchagua letusi za kuliwa pamoja na nyama ya mwanakondoo wa sikukuu, mbele ya wazazi wote. Zangu ndefu, laini, zimepauka kama mgonjwa.

Za Yavor fupi kweli. Lakini nyekundu, Stani! Nyekundu kama divai!

"We kijana, umezifanya nini hizi?" mwalimu akauliza.

"Mwanga wa bluu, mwalimu. Unayakoleza majani rangi. Niliamua mwenyewe."

ALIAMUA MWENYEWE! Mwizi mkavu wa macho!

Ralitsa akamshika mkono. Mbele yangu. Hakuuachia.

Nikikiri, bweni nalihama leo leo. Basi nikasimama kwa heshima zote, nikapiga makofi, nikasema, "Hongera, ndugu yangu."

Ralitsa akanigeukia, machozi yamemlengalenga.

"Afadhali wewe," akasema. "Wenzako wote wamemwonea wivu."