Herufi za Kuthibitisha Mimi Si Roboti

Jumatatu, 18 Agosti 2025
Leseni yangu ya udereva inakufa Jumamosi. Nimeenda kwa Celina wa saiba, duka la kompyuta hapa Laare, anisaidie kuomba mpya. Mtandao ukaleta herufi zimepindana kama nyoka walevi — niziandike ndiyo ujue mimi si roboti. Mimi Mutwiri, niliyefikisha miraa Mandera kabla ya lami! Nimekosea mara saba. Celina akasema, "Baba Purity, andika tu yenye unaona." Nikamwambia ndiyo hiyo naona. Nikasema kompyuta imelewa, watu wakacheka.

Nikitoka nje mimi sikucheka.

Jumanne, 19 Agosti
Nimejaribu kwa simu. Kuna alama ya spika, ukibonyeza mtu anakusomea — lakini ni Kizungu cha puani ndani ya kelele kama ya posho mill ikisaga mahindi. Nikarudi kwa herufi, nikaziba jicho la kushoto. Ukungu mtupu. Nikaziba la kulia. Ukungu nusu. Nimejiambia ni miraa. Leo sitafuni.

Alhamisi, 21 Agosti
Siku ya tatu bila kutafuna. Dereva wa miraa bila miraa ni kama pasta bila sadaka. Ukungu uko pale pale, nimeongeza usingizi tu.

Kathuri, mwenye tunapokezana gari, nimempa simu anisomee herufi, nikajifanya mikono ina grisi. Amezisoma mara moja, chapati mdomoni. "Hizi hata nyanya yangu anasoma, mzee."

Nikaondoka na mzigo. Karibu na njia ya Kanyakine nikaona gunia limeanguka barabarani. Nikasema nitalipita katikati ya magurudumu. Gunia likasimama. Alikuwa mama, ameinama kuokota maparachichi yake.

Sijui nilikata stelingi vipi. Alinitusi Kimeru chote. Nilimwokotea yote, nikampa na sukari ya nyumbani kwangu. Niliendesha polepole mpaka Embu.

Ijumaa, 22 Agosti
Celina amechapa herufi yeye mwenyewe. Sekunde tu. Leseni ya miaka mitatu. Nimemwuliza, kama mtu asiyejali, kama wazee wengine wanasumbuka hivi. Akasema ni wengi, lakini hao hawaendeshi gari.

Jumatatu, 25 Agosti
Shule zimefunguliwa. Purity wangu anarudi Embu, kidato cha nne, na jana ametangazia kanisa lote kwamba babake ndiye atampeleka. Mzigo uko juu, majani ya ndizi yaliyofunga miraa yameanza kunyauka. Kathuri angeshika usukani leo — nikimwambia sababu. Nikimwambia, kufika kesho Laare yote inajua, na nani atanipa miraa yake tena?

Naandika kwa boneti, najifanya naandika majina ya wateja. Purity yuko kiti cha mbele, amefunga mkanda. Ameuliza, "Baba, tunangoja nani?"

Nimemwita Kathuri. Anakuja, anapangusa mikono kwa suruali.