Mchi wa Zaina

Jumatatu, 1 Juni 1953. Kasongo.
Bibi amekataa wali tena. Eti mchele umetoka mashineni. Ni kweli, niliununua sokoni, nilikuwa nimechoka. Haoni tena, lakini masikio yake ni mazima kupita kiasi. Asiposikia kinu uani, hali. Nimetwanga. Mabega yanauma.

Mume wangu ameagiza kutoka Kabambare: kamyo, lori la pamba, inaondoka Jumamosi, nipande. Alitangulia kazini baada ya harusi, mimi nikabaki kwa ajili ya Bibi. Kwetu mwanamke haendi kwa mumewe kabla mkubwa wa nyumba hajampulizia maji ya kinywa ya kumbariki. Mkubwa ni Bibi. Hataki.

Jumatano, 3 Juni.
Zaina, mke wa kaka yangu, amekubali kumtunza. Tulitwanga pamoja, mchi kwa mchi, kisha mimi nikaacha polepole. Sauti ikatoka kitandani: "Ule hapana weye. Anapiga kinu sawa mutu anaua nyoka."

Hakula. Zaina alilia. Nilimchukia Bibi, na miguu nikamwosha hivyo hivyo.

Alhamisi, 4 Juni.
Wali wa Zaina kaukataa, wangu kaula. Nimekunja nguo zangu sandukuni. Nimezitoa tena.

Ijumaa, 5 Juni.
Nilikwenda mtoni nikakawia makusudi. Waelewane au wauane.

Nikirudi nikasikia kinu. Mchi ulikuwa unashuka taratibu. Bibi amejikokota hadi kizingitini, anapiga ardhi kwa kiganja: "Inua. Wacha ianguke yenyewe." Zaina anafuata mapigo yake, pamba ya shambani bado nyweleni. Hakuna aliyeniona. Niliona wivu, sifichi.

Bibi kala. Kasema chumvi haitoshi.

Jumamosi, 6 Juni.
Asubuhi ameomba kikombe cha maji, mwenyewe. Akaniita "muke mwenzangu", utani wake wa tangu nikiwa mdogo. Nikapiga magoti. Akapuliza. Meno hana, maji mengi yakamwagikia kifua chake, kidogo tu yakanifika usoni.

Nikanyoosha kitambaa nimfute, kama kila siku. Akausukuma mkono wangu.

"Acha. Zaina atanifuta."

Sasa niko juu ya magunia ya pamba. Kamyo imesimama njiani, dereva anaipoza mashine. Uso sikuufuta. Umekauka wenyewe.