Maneno Uliyoyatia Ndani ya Mashine

Mume wangu kipenzi Omari,

Mungu akulaze pema. Nakuandikia kwa kalamu kwa sababu ile kompyuta yako naona haya hata kukaa mbele yake.

Wakumbuka ulivyoileta kutoka mjini Amu, imechakaa, kifuniko kimeshikwa na gundi? Linux, ile programu ya kuiendesha, uliyoitia kwanza ilikuja na sura nzito kuliko nguvu za kompyuta yenyewe, na menyu zote za Kiingereza. Ukasema hutaki ya kuletewa. Utajenga mwenyewe madirisha, menyu na kila kitu cha kwenye kioo kuanzia kwenye msimbo wake, ili mkeo asome lugha yake. Mimi nikacheka. "Usiteke, Bi Khadija," ukaniambia, "ndoo uone kwa mato yako."

Nikaacha kucheka, nikaja, nikaona kwa macho yangu. Ulikuwa ukikompaili, yaani kuugeuza ule msimbo uwe programu, tangu jua likipanda, mistari ikipita kwenye kioo, halafu yote inasimama kwa sababu kuna kipande kimekosekana. Basi unangoja boti ya Amu, ukakipakue huko kwenye mtandao wa maana, urudi nacho kwenye flashi. Kisiwa chetu kizima cha Ndau kilijua. Watu walikuuliza gatini, "Umekipata?" kama wanaomuulizia mgonjwa.

Na ile siku ya kanga! Kazi imekaribia mwisho, mimi nikaanika kanga zangu mbichi juu ya paneli ya sola, pale kwenye paa la jiko, maana ndipo penye jua zuri. Betri ya kompyuta ilishakufa zamani, ikazimika papo hapo. Nilidhani utanigombeza. Ulizianua moja moja, ukazikunja, ukasema, "Si neno. Itaendelea ilipokomea."

Ulipomaliza, ulitia jambo moja ambalo hukuniambia. Jioni yake nilipoizima, kioo kikaandika: *Bi Khadija, lala sasa, mato yatauma.* Hivyo ndivyo ilivyoniaga kila siku, hata baada ya wewe kufariki, nilipokuwa ndani ya eda, sitoki, na sina mwengine wa kuniambia nilale.

Sasa nisikilize, na uniwie radhi. Nimeposwa. Ni Bwana Shee wa Kiunga, mtu mwema. Wiki iliyopita dada yake alikuja kunitazama, nikamwonyesha ninavyowaandikia wavuvi barua zao. Nilipozima, maneno yako yakatokea. Akayasoma kwa sauti. "Ni nani huyo akwambiao ulale?"

Ningesema, ni mume wangu. Kuna uzito gani hapo? Nikasema, "Ah, mambo ya mafundi hayo. Hata sijui ni nani aliyeyaandika." Nikacheka, nikazidi kucheka. Omari, nilikukana nyumbani mwako, mbele ya mgeni anayekunywa kahawa kwenye kikombe chako.

Wala sikuishia hapo. Kesho yake, jua likiwa kali, nilifungua lile faili, nikaufuta mstari wako, nikakompaili na kuinstoli upya kama ulivyonifundisha. Hakukutokea kosa hata moja. Kwa vile ni mstari mmoja tu uliobadilika, ilimaliza kabla wali haujaiva. Uso uliniwaka. Sijapata kuona aibu kwa kazi niliyoifanya vizuri namna ile. Nilipoizima, kioo kikawa cheusi, basi.

Jana Bwana Shee akapiga simu. "Dada angu aniambia mashine yako ina maneno ya marehemu," akasema. Kumbe bibi yule alijua, akanisitiri tu. "Mimi sina wivu na mtu alokupenda hivyo. Ijumaa nitakuya, nami unionyeshe."

Nikajibu, "Inshallah," nikakata simu. Tangu hapo sijui nijifiche wapi, kwake au kwako.

Maneno yako nayakumbuka yote. Naweza kuyarudisha leo hii, herufi kwa herufi, na Bwana Shee hatatambua. Lakini hayatakuwa yako tena. Nitakuwa ni mimi ninayejiambia nilale.

Pumzika, mume wangu, na unisamehe.

Mkeo, kama bado waniruhusu kujiita hivyo,
Khadija